Katanga: Matanuri ya kale ya mukuba yanakumbuka kaskazini, ila yasisogezwe

LIKASI – Ukitoka Likasi kuelekea magharibi, Shinkolobwe iko umbali wa kilomita ishirini hivi. Dunia inaijua kwa jambo moja: uraniamu. Ni mgodi huu, chini ya kampuni ya Union Minière, uliotoa sehemu kubwa ya uraniamu ya mradi wa Marekani uliotengeneza bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Baadaye mashimo yalifungwa kwa saruji. Wachimbaji wa mikono, makrezeri kama wanavyoitwa mtaani, wakarudi wakitafuta kobalti. Mnamo Januari 2004 rais alitia saini amri ya kuwakataza. Julai ya mwaka huohuo sehemu ya mgodi iliporomoka na kuua watu wanane.

Habari hizo zimeandikwa mara nyingi. Jambo linaloandikwa kwa nadra ni kwamba uchimbaji wa Katanga ni wa zamani kuliko Union Minière kwa zaidi ya miaka elfu moja, na kwamba wale waliotangulia waliacha nyuma yao aina ya saa. Saa hiyo imo ndani ya udongo uliochomwa wa matanuri yao. Inasomwa kwa usumaku. Na kuna njia moja rahisi ya kuiharibu: kuusogeza udongo huo kutoka mahali ulipochomwa.

Hapo ndipo tatizo lilipo katika eneo lote la Likasi, Kambove na Kolwezi, mahali ambapo kila mwaka ardhi inageuzwa na sepetu, chepeo na tingatinga.

Udongo unavyoshika kaskazini

Udongo wa kawaida, hasa huu mwekundu wa Katanga, una chembe ndogo sana za chuma. Nyingi ni za aina mbili, magnetiti na hematiti. Kila chembe ni kama sumaku ndogo. Udongo ukiwa baridi, sumaku hizo zimelala huku na huku bila mpango. Ukichomwa vikali, chembe hizo hupoteza usumaku wake kabisa: magnetiti ikifika digrii 580 hivi, hematiti ikikaribia digrii 680. Kisha moto unazimika. Udongo unapopoa, kila chembe inapata usumaku upya, na safari hii inafuata uga wa sumaku wa dunia wa saa hiyo na mahali hapo. Baada ya hapo inabaki hivyo kwa karne nyingi, mpaka ichomwe tena.

Tanuri la kuyeyusha shaba linavuka kiwango hicho bila shida, kwa sababu shaba yenyewe inayeyuka kwenye digrii 1085. Kuta za ndani na sakafu ya tanuri huwa zimepata moto wa kutosha kufuta kila kilichokuwamo na kuandika upya.

Kaskazini ya dira, kama wajuavyo marubani, haikai mahali pamoja. Inahama kidogo kidogo, mwaka kwa mwaka. Nguvu ya uga nayo hupanda na kushuka. Kwa hiyo mtu akijua uga wa sumaku ulivyokuwa ukielekea katika eneo fulani karne baada ya karne, anaweza kuchukua kipande cha sakafu ya tanuri, kupima mwelekeo ulioganda ndani yake, na kusema moto wa mwisho ulizimika lini.

Kuna jambo la kushangaza hapa, kwa mkoa unaoishi kwa mukuba. Shaba yenyewe haina la kusema. Haivutwi na sumaku wala haihifadhi usumaku. Misalaba ya shaba ya Katanga, ile iliyochorwa hata kwenye bendera ya kujitenga kwa Katanga mwaka 1960, iko bubu kwa kipimo hiki. Anayesema ni udongo wa tanuri uliotupwa baada ya kazi.

Wafua shaba kabla ya Wazungu

Mwanajiolojia Mbelgiji Jules Cornet alipopita Katanga mwaka 1892, wenyeji walikuwa tayari na mashimo yao ya shaba, na mashimo hayo ndiyo yaliyowaonyesha wageni mahali pa kutafuta. Migodi mingi mikubwa ya leo ilianza kama machimbo ya wenyeji.

Karibu na Lubumbashi, mahali paitwapo Naviundu, wanaakiolojia walikuta mabaki ya kuyeyusha shaba ambayo umri wake unarudi hadi karne ya 4 hivi baada ya Kristo. Kaskazini zaidi, katika bonde la Upemba, makaburi ya Sanga kando ya ziwa Kisale yalifukuliwa kuanzia miaka ya 1950, na katika miaka ya 1970 Pierre de Maret na wenzake waliendeleza kazi katika bonde hilo. Ndani ya makaburi walikuta mapambo ya shaba, na kwa ngazi za baadaye, misalaba. Mwanzoni misalaba hiyo ni mikubwa na michache. Karne zinavyosonga inakuwa midogo na mingi, ya ukubwa unaolingana, na hapo watafiti wanaiona kuwa imeshageuka fedha.

Bonde la Upemba halina shaba. Shaba ilipaswa kusafirishwa kutoka ukanda wa madini, kusini. Uchunguzi wa kemia na wa isotopu za risasi uliochapishwa mwaka 2019 na timu ya watafiti wa Ubelgiji ulithibitisha kwamba misalaba ya Afrika ya kati inaweza kufuatiliwa hadi kwenye miamba ya ukanda huo. Yaani swali la "ilitoka wapi" limeanza kupata jibu. Swali la "tanuri gani, mwaka gani" bado ni gumu.

Namna ya kazi yenyewe inajulikana kidogo, kwa sababu iliendelea hadi karibuni. Mwaka 1926 Jean-Félix de Hemptinne, aliyeongoza misheni ya Kikatoliki Katanga, alichapisha maelezo juu ya "walaji wa shaba", jina walilopewa mabwana wa kazi hiyo. Kazi ilifanyika wakati wa kiangazi, mavuno yakishaisha. Malakaiti, lile jiwe la kijani, lilichimbwa na kuchambuliwa, makala yalichomwa, tanuri lilijengwa kwa udongo wa kichuguu, mivuba ikapuliza hewa kupitia mirija ya udongo. Mtu wa Likasi ambaye amewahi kujenga kwa udongo wa kichuguu anajua kwa nini waliuchagua: unashikamana, haupasuki upesi motoni.

Malakaiti ya Katanga ni safi mno. Uzuri huo umewatesa wanaakiolojia. Kwingineko duniani, kuyeyusha shaba kunaacha vilima vya takataka nyeusi za tanuri ambazo mtu anaziona kwa mbali. Hapa, jiwe lenye shaba nyingi namna hii linaacha takataka kidogo. Karne nzima ya kazi inaweza kubaki kama duara la udongo mwekundu lenye upana wa beseni, sentimita chache chini ya nyasi.

Kwa nini makala hayatoshi

Mtu atauliza: si kuna kaboni ya 14? Ndiyo, na tarehe za Naviundu na za Sanga zinatokana nayo. Unachukua kipande cha makala kutoka tanurini, unapima.

Ila makala yanasema mti ulikua lini, na hayasemi moto uliwashwa lini. Kipande cha moyo wa mti mkubwa wa miombo kinaweza kuwa na umri wa miaka mia na zaidi kabla hakijaingia tanurini. Halafu kuna tatizo la pili, kubwa zaidi kwa historia ya Katanga. Kuanzia katikati ya karne ya 17 mpaka mwanzo wa karne ya 20, kipimo cha kaboni kinachanganya: kipande kimoja kinaweza kutoa majibu matatu au manne yaliyotawanyika ndani ya miaka mia tatu, na yote yanawezekana.

Miaka hiyo mia tatu ndiyo wakati dola za Waluba na Walunda zilipopanuka, misafara ilipounganisha Katanga na bahari zote mbili, na mwishowe Msiri alipojenga Bunkeya na kuishika biashara ya shaba mpaka alipouawa tarehe 20 Desemba 1891. Nani aliyeyusha wapi, kabla yake na chini yake, ni swali ambalo kaboni inashindwa kulijibu sawasawa. Moto uliozimika, kwa upande mwingine, una saa moja tu.

Limpopo walianza

Ili saa isomeke, inabidi kwanza iwekewe namba. Kila eneo linahitaji mstari wake wa kumbukumbu, yaani jedwali la mahali kaskazini ya sumaku ilipokuwa karne kwa karne, na Afrika kusini mwa Sahara ni moja ya sehemu zenye vipimo vichache zaidi duniani.

Hatua kubwa imetoka bonde la Limpopo, mpakani mwa Afrika Kusini, Zimbabwe na Botswana. John Tarduno wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, pamoja na Thomas Huffman wa Witwatersrand na wenzao, walichukua sampuli kutoka sakafu za nyumba na maghala ya nafaka ya wakulima wa kale waliosema lugha za Kibantu. Majengo hayo yalichomwa moto. Huffman aliueleza moto huo kama tendo la kutakasa, wakati ukame ulipokataa kuisha. Moto ule wa tambiko, bila waliouwasha kujua, uliandika mwelekeo wa dunia.

Matokeo yao ya mwaka 2015 na 2018 yanaonyesha kwamba uga wa sumaku katika eneo hilo ulibadilika kwa kasi katika vipindi vitatu: kati ya mwaka 400 na 450, kati ya 700 na 750, na kati ya 1225 na 1550. Wanafizikia walishtuka zaidi kuliko wanahistoria. Leo kuna eneo pana, kuanzia kusini mwa Afrika hadi Brazil, ambamo uga wa sumaku ni dhaifu kiasi cha kusumbua mitambo ya satelaiti inapopita juu yake. Tarduno na wenzake wanasema chanzo kinaweza kuwa chini kabisa ya kusini mwa Afrika, mahali ambapo kiini cha dunia kinapakana na miamba iliyo juu yake, na kwamba hali hiyo imekuwa ikijirudia. Bila sakafu zile za maghala, wasingekuwa na la kusema.

Kwa mtafiti wa Katanga, habari hiyo ni njema kwa sababu nyingine. Kipindi ambacho kaskazini inahama haraka ndicho kipindi ambacho saa inasomeka vizuri, maana mwaka na mwaka hazifanani. Na kipindi cha 1225 hadi 1550 kinaangukia wakati ambapo misalaba ya shaba ilienea na kuanza kuwa fedha.

Mstari wa Limpopo hauwezi kuhamishiwa Likasi hivihivi. Ni mbali, zaidi ya kilomita elfu moja. Katanga inahitaji wake. Wakati wa ukoloni, huko Karavia, Élisabethville, kulikuwa na kituo cha kupima usumaku wa dunia, kwa hiyo kwa karne ya 20 mahali pa kuanzia papo.

Kuona bila kuchimba

Kuna matumizi ya pili ya sumaku, na haya hayahitaji hata kugusa udongo. Mtafiti anatembea na magnetometa, mstari baada ya mstari, na kifaa kinaandika kila mahali ambapo uga unapanda au kushuka kidogo. Udongo uliochomwa unajitokeza. Baadaye kompyuta inatoa picha ya kilicho chini.

Huko Songo Mnara, kisiwa kilicho karibu na Kilwa, Tanzania, njia hii imezaa matunda. Mji ule wa mawe wa karne ya 14 na 15, ulio katika orodha ya urithi wa dunia tangu 1981, ulikuwa na viwanja ambavyo kwa macho havina kitu. Timu ya Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher, pamoja na wataalamu wa vipimo wakiongozwa na Kate Welham, walipita na vifaa vyao, kisha wakachimba palipoonyeshwa. Sehemu ya viwanja vilivyodhaniwa kuwa vitupu ilikuwa imebeba nyumba za miti na udongo. Walioishi mjini hawakuwa wenye nyumba za mawe peke yao.

Katanga kazi itakuwa ngumu zaidi. Jiwe jekundu la laterita lina chuma kingi na linapiga kelele kwenye kifaa. Ndani ya maeneo ya migodi ya zamani, reli, mabomba, nyaya na misumari ya miaka mia moja inafunika kila kitu. Katikati ya magofu ya Shinkolobwe magnetometa ingeona Union Minière kabla ya kumwona mtu mwingine yeyote. Na kuna radi. Radi ikipiga ardhini, mkondo wake wa umeme unafuta usumaku wa zamani na kuweka wake. Nchi yetu inajua radi kuliko karibu nchi zote: Kabare, Kivu Kusini, iko katika orodha ya satelaiti ya sehemu zinazopigwa zaidi duniani. Kwa hiyo sampuli moja haitoshi kamwe. Tanuri moja linachukuliwa vipande kadhaa, kutoka pande zake zote, na vikitofautiana, linaachwa.

Ikumbukwe pia kwamba magnetometa haihisi mionzi. Kifaa hiki hakimwambii mtu kama udongo aliosimama juu yake una uraniamu. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliofika Shinkolobwe mwishoni mwa 2004 ulionya juu ya mashimo kuporomoka na juu ya hatari ya kukaa na mionzi kwa muda mrefu. Eneo hilo si la kwenda kutafuta matanuri.

Usihamishe

Kuchukua sampuli ni kazi ya subira, wala haihitaji mitambo mikubwa. Kipande cha sakafu iliyoiva, cha ukubwa wa ngumi, kinachongwa pembeni lakini hakinyanyuliwi. Juu yake inamwagwa plasta, inasawazishwa kwa pimamaji, na kabla haijakatwa chini unachorwa mshale wa kaskazini. Mshale huo unapimwa kwa kivuli cha jua na saa, kwa kuwa dira ya sumaku karibu na chuma inadanganya. Kisha ndipo kipande kinakatwa. Maabara, ambayo ndiyo yenye gharama, inakichoma tena hatua kwa hatua ndani ya chumba kilichokingwa na uga wa dunia, na kusoma kilichobaki kila hatua.

Mtu akinyanyua kipande kabla ya mshale, mwelekeo umekwenda. Nguvu ya uga bado inaweza kupimwa, kama inavyofanywa kwenye vyungu na kwenye takataka za tanuri. Huko Timna na Faynan, kusini mwa Israeli na Jordan, vilima vya takataka za shaba vimepimwa hivyo na Erez Ben-Yosef na wenzake. Lakini nusu ya habari, nayo ndiyo nusu bora, haipo tena.

Sheria ya Kongo, kwa njia yake, inasema jambo lilelile. Sheria ya Madini ya 2002 inamtaka mwenye leseni akikuta mabaki ya kale asiyahamishe, na aiarifu kwa maandishi bila kuchelewa mamlaka ya utamaduni na makumbusho. Kabla yake kulikuwa na sheria ya Machi 1971 ya kulinda mali za utamaduni. Waandishi wa sheria hizo yaelekea hawakuwa wakiwaza usumaku. Ila neno "asiyahamishe" ndilo neno ambalo mpimaji wa usumaku angeliomba.

Sheria hiyo inamfikia mwenye leseni. Mchimbaji wa mikono, anayeshuka shimoni alfajiri ili jioni watoto wale, hana leseni wala mtu wa kumwandikia barua, na duara la udongo mwekundu analokutana nalo kwa kina cha goti ni kizuizi tu kati yake na mawe ya kijani. Wengi wao pia wanajua jambo ambalo wanajiolojia wa mwanzo walilijua: palipo na tanuri la wazee, shaba haiko mbali. Kwa hiyo alama ambayo mwanaakiolojia angeizungushia kamba ndiyo hasa inayomvuta mchimbaji.

Tanuri lenyewe si gumu kulitambua. Ni duara au nusu duara la udongo ulioiva kama tofali, ndani umegeuka kijivu au mweusi, nje mwekundu, mara nyingi pamoja na vipande vya mirija ya udongo na matone ya kijani. Likiachwa chini ya udongo wake, mvua hazilifanyi kitu. Usumaku hauoshwi na maji.

Kuna kazi moja ambayo haihitaji kungoja ugunduzi wowote. Israeli walipotengeneza mstari wao wa kumbukumbu, uliochapishwa mwaka 2022 kutokana na tabaka 21 za miji iliyoteketezwa, walitegemea mioto ambayo mwaka wake unajulikana, kama ule wa Nebukadneza huko Yerusalemu mwaka 586 kabla ya Kristo. Likasi ina mioto ya aina hiyo kila kiangazi. Pembezoni mwa mji watu wanachoma matofali. Tanuri linapangwa, linawaka usiku na mchana, matofali yanauzwa, na mahali pale panabaki doa la ardhi iliyoiva ambalo hakuna anayelihitaji. Mwenye tanuri anakumbuka alichoma mwaka gani, na baba yake naye anakumbuka lake lilikuwa wapi.